Baada ya Salama

Watu wakiniuliza kwa nini niliondolewa kwenye redio, nawajibu kwamba niliondolewa kwa kusikiliza. Wanacheka, wanadhani natania. Sitanii hata kidogo. Nilikuwa msichana bado, nina cheti changu cha mafunzo, nina gauni la kazi nililolishona mwenyewe, na kazi yangu ilikuwa kuongea na vijiji kwa redio ya mawasiliano kutoka chumba kimoja kidogo, chenye joto la kukaangia dagaa, katika ofisi ya serikali pale Mtwara mjini. Wakanitoa pale wakanipeleka ghalani, Ufukoni, nikakae na magunia na majembe. Haya, nilikaa. Lakini nawaambia, na magoti yangu haya yanayolalamika, mkinirudisha leo kwenye kile kiti nitafanya vilevile.

Nieleze kwanza ile redio, maana vijana wa siku hizi wanaongea wawili kwa mpigo kwenye simu na bado wanaelewana, sijui wanafanyaje. Yetu haikuwa hivyo. Kipaza sauti kilikuwa na kitufe ubavuni. Ukikibonyeza unaongea, ukikiachia unasikia, na huwezi kufanya yote mawili kwa pamoja. Ukibonyeza wakati mwenzako anaongea, maneno yake yanapotea, na yeye masikini hana habari. Ataendelea kukueleza shida yake mpaka mwisho, aseme "ova" kwa heshima zote, kumbe kaongea na hewa. Kule vijijini redio ilikaa shuleni au zahanati, ikila betri ya gari, na betri ikiisha ilisubiri lori la korosho liipeleke mjini kuchajiwa. Kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kupiga soga.

Kila asubuhi niliita vituo, kimoja baada ya kingine. Nataja jina la kijiji, nauliza hali, kituo kinajibu. Kikisema salama, nasema nimepokea, natia alama ubaoni, naenda kinachofuata. Kikisema tatizo, ndipo nauliza tatizo gani. Utaratibu huo aliuleta mkuu wetu wa mawasiliano, bwana mmoja kutoka bara, mtu nadhifu, aliyerudi kozini na begi jipya na sheria mpya. Kabla yake tulikuwa tunasalimiana kwanza, kama watu. Yeye akasema salamu zinamaliza betri. Swali moja, jibu moja, funga. Na wala sisemi utaratibu ule ulikuwa mbaya. Ulikuwa mzuri sana kwa watu wengine, siyo kwetu sisi.

Kwani kusini kwetu nani anaanza na tatizo? Mtu anakuja kukuletea habari ya msiba. Anapiga hodi, anakaribishwa, anakaa mkekani, anapewa maji. Habari za utokako? Salama. Watoto? Hawajambo. Nyumbani je? Salama tu. Kisha anaiweka kata chini, anaangalia pembeni, anasema ila kuna taabu kidogo. Hapo sasa shika kichwa, maana hiyo taabu kidogo ni mtu amezikwa jana. Mama yangu, niliyekuwa naishi naye Magomeni, aliwahi kuunguliwa na jiko lake lote, makuti, kuni, na sufuria ya watu aliyoazima. Jirani alipomuuliza habari za asubuhi akajibu nzuri, ila moshi kidogo. Ukianza na ubaya wanakuona huna adabu, umemrushia mtu jiwe kabla hajakaa. Salama ya kwanza unampa mwenzako ajikaze, halafu ndiyo unaongea.

Sasa chukua adabu hiyo uitie kwenye swali moja, jibu moja, funga, uone itakavyokuwa.

Tuliona mapema tu. Siku moja aliingia ofisini mshika duka wa kijiji kimoja cha huko ndani, kashuka kwenye lori, vumbi mpaka kope. Hakukaa. Akaniuliza kipuri cha pampu ya kisima kiko wapi, kwa sababu wanawake wa kijijini kwake wanachota maji kwenye madimbwi pamoja na ng'ombe. Nikamwambia sina taarifa ya pampu, kijiji chenu ni salama kila siku, ubao ule pale uangalie. Akasema wamesema kila siku. Nikasema hamkusema. Akaniita mziba masikio. Nikamwita mwongo, mchana kweupe, mtu mzima yule. Tulizozana mpaka mhudumu wa chai akaja kuchungulia. Mwishowe yule bwana alichoka, akakaa, akaniomba nimwonyeshe ninavyofanya nikisikia "salama". Nikamwonyesha: nabonyeza, nasema nimepokea. Akakitazama kidole changu kwenye kitufe.

"Basi hapo ndipo unapotukanyaga," akasema.

Alisema kweli. Kila asubuhi mtu wao alisema salama, akavuta pumzi, akaanza ila. Na mimi kwenye ile pumzi nilikuwa nimeshabonyeza. Niliamriwa kubonyeza, na nilibonyeza, na ndiyo maana nilipojua nilikasirika kuliko yeye.

Tangu siku hiyo nilibadilisha mambo kimyakimya. Kituo kikisema salama, sikimbilii kitufe. Nasubiri. Wakinyamaza, nabonyeza nasema neno moja tu, lile ambalo mtu yeyote anamwambia mwenzake anayeonekana ana jambo tumboni: "Enhe?" Halafu naachia. Loo, walifunguka. Kumbe nguruwe walikuwa wanamaliza muhogo. Kumbe kwinini imekwisha zahanati moja tangu mwezi uliopita. Kumbe mwalimu mkuu fulani anaumwa na shule imefungwa. Vituo vingine vilikuwa salama kweli, vikanicheka, vikaniuliza dada leo una nini. Mimi nikaandika vyote ubaoni.

Mkuu alipoingia akauona ubao, uso ulimbadilika. Wiki iliyopita sehemu yote ilikuwa nzima, leo imeugua yote kwa mpigo, na ubao huo ndio alioutumia kuwapelekea taarifa wakubwa zake. Aliniambia kwamba "enhe" si neno la redio. Nikamuuliza neno la redio ni lipi linalofanya kazi hiyohiyo. Akasema nisiongeze chochote juu ya utaratibu, na kuanzia siku hiyo akawa anakuja na kikombe chake cha chai, anakaa nyuma yangu, ananisikiliza nikiita vituo.

Mimi tena? Nikaanza kukohoa. Kituo kinasema salama, nangoja kidogo, nabonyeza, nakohoa, naachia. Vijiji vilielewa siku ya pili tu. Wakisikia kikohozi wanajua wameambiwa waendelee. Mkuu alinionea huruma, akanishauri ninywe chai ya tangawizi, na nilimshukuru kwa adabu kabisa.

Mvua za mwaka ule zilikuja na hasira. Mjini kwetu hazikuwa za kutisha, lakini Ruvuma haujai kwa mvua za Mtwara. Unajazwa na mvua za huko juu, mbali, na unaweza kushuka umefura huku kwenu jua linawaka. Ilikuwa asubuhi ya namna hiyo, jua kali, mkuu amekaa nyuma yangu na chai yake, chaki mkononi. Siku hizo alipenda kutia alama ubaoni yeye mwenyewe. Nikaita Mahurunga, kijiji cha kando ya mto huo.

Kituo cha Mahurunga alikishika mwalimu wa shule, kijana mpole, Kiswahili chake kina lafudhi ya Kimakua. Nikauliza hali. Akajibu salama. Nyuma yangu nikasikia chaki inagusa ubao, na mkuu ananiambia kinachofuata. Sikuita kinachofuata. Nikabonyeza, nikakohoa, nikaachia. Redio ikakwaruza.

"Salama, dada. Ila maji yamekuja kidogo."

Mkuu akasema umemsikia, amesema kidogo, endelea. Yeye kwao kidogo ni kidogo. Mimi nikasahau kikohozi, nikabonyeza nikasema kwa sauti nzima, "Enhe, mwalimu?"

Ndipo akaeleza, taratibu, kama anayesomesha. Mto ulikuwa umetoka kingoni alfajiri na kulifunika bonde lote la mpunga. Mpunga ulikuwa unakaribia kuiva, na watu walikuwa wamelala huko kuulinda usiliwe na nguruwe na viboko, wengi wao kina mama na watoto, juu ya madungu, vile vibanda vya kulindia mashamba vinavyokaa juu ya miti. Madungu yalikuwa bado yamesimama, lakini maji yalikuwa yanaivuta miti. Mitumbwi ilijaribiwa, mmoja ukapinduka, mwenyewe akatoka kwa kuogelea. Walihitaji boti ya mashine, na waliihitaji kabla jua halijazama. Nikamuuliza watu ni wangapi. Akasema ni wengi. Halafu akaongeza kwa sauti ndogo:

"Watu wa nyumbani kwangu wamo, dada."

Kwetu mwanamume akisema watu wa nyumbani kwangu, anamsema mkewe. Yule kijana mkewe alikuwa juu ya miti katikati ya Ruvuma, na alipoulizwa hali alijibu salama, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Niliwaza chaki ile pale ubaoni, na alama yake nzuri ya salama, na nilichukia mpaka kichwa kikauma.

Mkuu aliweka kikombe chini. Akaniambia kwamba bondeni hakuna watu. Watu wa bondeni walishahamishiwa kijijini, juu, wamepewa viwanja kwa mstari, na taarifa kwamba bonde ni tupu aliipeleka yeye mwenyewe kwa wakubwa. Kama kuna mtu huko, basi yuko huko kinyume cha amri, na viongozi wa kijiji watajieleza. Kuomba boti ni kusema zile taarifa zote zilikuwa uongo. Nilimweleza kwamba watu walihamishwa lakini mpunga haukuhamishwa, utawafuataje juu kwenye mchanga? Akasema atalipeleka jambo hili kwa wakubwa, ila wako mkutanoni mpaka mchana, kwa hiyo tungoje.

"Mto hauko mkutanoni, ndugu," nikamwambia.

Akasema funga kituo. Nikageuka nikakaa vizuri kwenye kiti changu, nikabonyeza kitufe, na sikumfungia mtu. Niliita vituo vyote. Jambo hilo lilikuwa haliruhusiwi mpaka kwa amri yake, nami nilikuwa nalijua hilo vizuri sana. Nikasema hewani kwamba Mahurunga kuna watu majini, kwenye madungu, kina mama na watoto, na kwamba naomba boti ya mashine ya uvuvi iliyoko Msimbati, pwani karibu na mdomo wa mto, iingie mtoni sasa hivi. Mkuu alikuwa amesimama, ananiambia kwamba natafuta jela. Nikaachia kitufe ili nisikie, na kwa kweli nilifurahi kwamba nikisikiliza redio simsikilizi yeye.

Msimbati akajibu. Mzee yule wa redio ya Msimbati alikuwa mtu wa maneno machache na kikohozi cha kweli. Alisema boti ipo, nahodha yupo, mafuta hayatoshi kwenda na kurudi. Kabla sijasema kitu, kituo kingine ambacho hakikuulizwa kikaingia, kikasema kina pipa, na kuna lori uani, dereva anakula. Mtu mwingine akasema mwambieni aache kula. Utaratibu wote wa kozini ulivunjika pale, kila mtu anaingilia kila mtu, na mafuta yakapatikana.

Mwalimu akasema betri yake inakufa, atazima aitunze mpaka kesho asubuhi. Nikamwambia azime. Mkuu alichukua begi lake akaenda kuwangoja wakubwa zake mlangoni mwa mkutano. Sijui alikwenda kuwaambia nini. Mimi nilikaa na ile redio mchana kutwa, chakula alicholeta mtoto wa jirani kutoka kwa mama kikapoa pembeni. Jioni Msimbati akasema boti ilionekana ikiingia mdomo wa mto, maji mekundu yanaisukuma, na zaidi ya hapo hajui. Nikafunga ofisi. Nyumbani mama aliniuliza habari za kazini. Nikamjibu salama, akaniangalia, akanisogezea mkeka nikae.

Asubuhi nilimkuta mkuu ameshafika, hana chai. Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliniomba nikae, akaniambia kwa upole kwamba mambo yamekuwa makubwa, yeye ana watoto wanasoma, na mimi nina mama. Nikiita vituo leo, nianze kwa kuvitangazia vyote kwamba habari ya jana ilikuwa kosa la kituo cha Mahurunga, kwamba bondeni hakukuwa na watu, na wananchi watulie. Basi. Nikisema hivyo, yangu yataisha palepale. Nikamuuliza ya mwalimu je. Akasema mwalimu ataitwa ajieleze kwa nini alisema salama kisha akasema vingine. Alikuwa mtu mwenye hofu, nami leo naielewa hofu yake, lakini siku ile sikutaka kuielewa na wala sijutii.

Niliwasha redio, nikangoja ipate moto. Vituo vyote vilikuwa vimeshafungua, nilivisikia vikikwaruza. Nikabonyeza.

"Mahurunga, hapa Mtwara. Taja watu waliokuwa bondeni jana. Wote, kwa majina. Nakusikiliza. Ova."

Nikaachia kitufe, nikakiweka kipaza sauti mapajani, nikakifunika kwa viganja vyote viwili. Mkuu aliniambia nikate. Nikamwambia ili kukata lazima nibonyeze, na mimi sibonyezi. Angeweza kuizima redio yenyewe, swichi ilikuwa pale ukutani karibu na bega lake. Niligeuka nikamwangalia usoni. Mkono wake uliinuka kidogo, ukarudi ukakaa ubavuni.

Mwalimu alikuwa ameanza. Alitaja jina la mwanamke, akataja na la babake ili asichanganywe na mwingine, akasema mzima. Akataja mwingine na watoto wake, wazima. Alitaja binti na bibi yake, wazima, bibi ameumia mguu. Alikuwa anapumzika kati ya jina na jina, na katika zile pumzi hakuna kituo hata kimoja kilichobonyeza. Wazima, wazima. Watu ambao hawakuwepo bondeni walikuwa wanapita mmoja mmoja ndani ya kile chumba chetu, na mimi nilikuwa nalia na kamasi zinanitoka, sijifuti, mikono ina kazi.

Akafika kwa watu wa nyumbani kwake. Alimtaja mkewe kwa jina, hadharani, akasema mzima, na mtoto mzima, alifungwa mgongoni muda wote. Nikashusha pumzi. Nikadhani amemaliza, nikangoja aseme ova. Hakusema.

"Yuko mmoja, dada," akasema. "Dungu lao lilipolala, yeye alimsukuma binti yake kwenye boti kwanza. Hatujampata."

Kwa kuwa hakumtaja jina nikaelewa: binti huyo ndiye mke wa mwalimu, na niliyekuwa naambiwa habari zake alikuwa mama mkwe wake. Na kwetu mkwe hatajwi jina. Mwanamume anaweza kuishi uwanja mmoja na mama mkwe wake mpaka wote wazeeke, asilitamke jina lake hata siku moja. Akimwona njiani anapisha. Nilijua ndiyo maana amekwama. Sikumhimiza. Sikukohoa, sikusema enhe. Kama angefunga hapo, nisingemlaumu.

Redio ilikwaruza. Kisha yule kijana akalitamka jina la mkwewe, lote, na la babake, kwa sauti ya juu kuliko majina mengine yote, akasema ova.

Sheria ya redio, hiyohiyo ya kozini, inataka jina la mtu lirudiwe, ili ijulikane limefika lilivyo. Mkuu alikuwa nyuma yangu, nasikia anavyohema. Niliondoa viganja, nikabonyeza kitufe, nikalirudia jina la yule mama polepole, lote, vituo vyote vikisikia, kisha nikasema nimepokea.